Imani iliyopoa: yako ilirudi kwa njia gani? (Sitaki za madhabahuni, nataka za Jumatatu hadi Jumamosi)

#1 Kuku wa Mavuno

Wakuu salamu.

Nina dai na nina swali. Naanza na dai ili mnirarue mapema: imani iliyopoa hairudi kwa kuitafuta. Semina, mkesha, kongamano la Pasaka, mahubiri ya YouTube usiku wa manane, kote nimepita. Nilitoka na daftari limejaa na moyo uleule.

Mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa. Kipaimara nimepata, kwaya nimeimba besi. Mwaka ambao duka lilifungwa na tukamzika dada yangu, kitu kilizima. Sikuasi. Jumapili niko benchi la nyuma, kwaya inaimba, mimi nahesabu mapangaboi. Liturujia mdomo unaitikia wenyewe.

Sasa ikatokea gari la usharika limeharibika, mzee wa kanisa akaniomba nimpeleke mchungaji na Noah yangu kuzungukia wagonjwa na wazee wasioweza kufika ibadani, awape Chakula cha Bwana nyumbani. Kazi yangu kuendesha na kubeba kisanduku. Nyumba ya mwisho tukamkuta bibi asiyeona, amekaa kitandani, kitenge kimepigwa pasi, kilemba kimefungwa vizuri. Mjukuu anasema tangu alfajiri anauliza kama gari limefika. Mchungaji akafungua kitabu. Bibi akatangulia. Anasema ungamo lote kwa kichwa, akifika kwenye nukta anamsubiri mchungaji, kisha anaendelea. Tulipomaliza akauliza, "Na dereva naye amekula?"

Nikala. Sikulia wala sikuanguka. Ila wiki iliyofuata nilijikuta nasubiri zamu nyingine, na nilikuwa sijasubiri kitu chochote kwa muda mrefu.

Kwa hiyo dai langu: inarudi ukiwa kwenye shughuli ya mtu mwingine. Swali: yako ilirudi vipi?

#2 Tairi la Akiba

Kwa hiyo mkuu umeokolewa na Bolt ya kanisa. Mafuta alitia nani?

#3 Kuku wa Mavuno

Nilitia mimi. Hapo ndipo ulipo muujiza.

#4 Msema Hesabu

Mleta mada, heshima kwako, umeandika vizuri. Lakini niulize bila kuuma maneno: imani ilizima duka lilipokufa. Iliporudi, mfukoni kulikuwaje? Maana nimeona wengi hapa mjini wanaosema "Bwana amenihuisha" na ukichunguza ni kwamba ajira imetoka. Mtu mwenye kodi ya miezi sita mbele ana matumaini kuliko askofu. Tumaini linaanzia tumboni, halafu linapanda juu na kujiita la kiroho.

#5 Kuku wa Mavuno

Msema Hesabu, wakati ule nilikuwa nadaiwa na vikoba viwili na shemeji. Bado nadaiwa na shemeji. Nadharia yako haijafika kwangu.

#6 Muuguzi wa Usiku

Mimi nitasimama upande wa Msema Hesabu kidogo, ila kwa mlango mwingine. Nafanya kazi wodini, zamu za usiku. Kuna kipindi nilijiona nimerudi nyuma kiroho, siombi, Biblia naiona nzito. Nikafunga, nikaombewa, nikawekewa mikono. Hali ileile. Mama mmoja wa kanisani, mkunga mstaafu, ndiye aliyeniuliza swali ambalo hakuna mtumishi aliyewahi kuniuliza: "Unalala saa ngapi?"

Nilikuwa silali. Nikitoka zamu naingia kwenye biashara ya vitenge, jioni watoto, usiku wodi. Nikaacha vitenge. Nikaanza kulala mchana, pazia limefungwa, simu imezimwa. Baada ya muda nikashangaa naimba jikoni.

Someni habari ya Elisha pale jangwani chini ya mretemu. Mtumishi wa Mungu anaomba afe! Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akala, akalala tena, akaamshwa akala tena. Chakula na usingizi kwanza.

#7 Mzee wa Kigango

Dada, hongera kwa kazi. Aliyekaa chini ya mretemu ni Elia, si Elisha. 1 Wafalme 19. Alikuwa anamkimbia Yezebeli.

#8 Muuguzi wa Usiku

Baba yangu, walivaa vazi moja hao.

#9 Kuku wa Mavuno

Hahaha, hapo amekuweza. Lakini sista, usiishie kwenye mkate. Endelea na sura hiyohiyo. Elia alitembea hadi Horebu, upepo ukapita, tetemeko likapita, moto ukapita, ikaja sauti ndogo ya utulivu. Na ile sauti ilisema nini? Ilimpa kazi: nenda kampake mafuta Hazaeli, kampake Yehu, kampake Elisha awe nabii baada yako. Elisha wako huyo hapo. Kwa hiyo usingizi ulimwezesha kutembea, lakini aliinuka kwa kupewa shughuli ya watu wengine. Dai langu liko palepale.

#10 Moto wa Pentekoste

Shalom. Wapendwa mnazunguka. Hapa nasoma usingizi, mafuta ya gari, vikoba. Roho Mtakatifu hajatajwa hata mara moja mpaka post ya kumi! Imani ni karama. Huwezi kuifufua kwa ratiba. Mimi nilipoa nikiwa chuo, nikarudi siku moja katikati ya maombi ya kawaida ya Jumatano, hapakuwa na mtumishi mkubwa wala muziki. Watu wachache, umeme umekatika. Kitu kikanishukia nikakaa chini sakafuni. Siwezi kukueleza sababu, maana sikufanya chochote cha kustahili. Siku ile hata kuja nilikuja kwa sababu nilikuwa nimeahidiwa lifti ya kurudi hosteli.

#11 Tairi la Akiba

Tena gari. Naanza kuona mwelekeo wa uzi huu.

#12 Mjukuu wa Bukoba

Niongeze jambo ambalo wengi wa umri wangu hatulijui vizuri. Bibi yangu mzaa baba alikuwa wa ule Uamsho, wale walioitwa Walokole. Ulianzia Uganda miaka ya 1930 ukavuka kuingia Kagera. Kwao, imani ilipopoa dawa ilikuwa moja: toba ya wazi, mbele ya wenzako, juu ya jambo lenye jina. Walikuwa hawaungami "dhambi kwa ujumla". Mtu anasimama anasema wiki hii nimemsema vibaya mke wa fulani. Waliita kutembea nuruni.

Bibi alikuwa na sufuria ya jirani aliyokaa nayo tangu msiba fulani wa zamani. Akairudisha, imetoboka tayari, na mpya juu yake. Jirani alicheka mpaka akakaa chini. Baba anasema tangu siku ile nyumba ilibadilika, bibi akawa mtu wa kuimba. Hakulala zaidi, hakupata ajira, hakuendesha gari. Alirudisha sufuria.

#13 Mzee wa Kigango

Mjukuu, umeandika jambo la maana, ila nirekebishe mahali. Uamsho ule kwa kawaida unahesabiwa kuanzia Gahini, Rwanda, kwenye hospitali ya misheni ya Kianglikana alikokuwa Dk. Joe Church. Ni kweli mzizi mmoja uko Uganda, maana 1929 alikutana na Simeoni Nsibambi pale Namirembe, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Kwa hiyo Uganda mna haki yenu, lakini moto uliwakia Gahini.

#14 Mjukuu wa Bukoba

Asante mzee. Bibi alisema Uganda kwa sababu nyimbo zilikuwa za Kiganda.

#15 Moto wa Pentekoste

Umeona sasa? Toba, maombi, Roho. Gahini hawakulala usingizi.

#16 Muuguzi wa Usiku

Ilikuwa hospitali, kaka. Zamu zilikuwepo.

#17 Mama Jumuiya

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi Mkatoliki, naomba niseme ya kwetu. Mlilozunguka wote mnaita majina tofauti lakini ni kitu kimoja: watu. Nilipofiwa na mume sikuwa na nguvu ya kwenda kanisani. Sasa Jumuiya Ndogo Ndogo ina uzuri wake, usipokwenda inakuja. Jumamosi asubuhi nikasikia watu wanaingia uani, wamebeba viti vyao vya plastiki, maana wanajua mimi sina. Wakasali, wakasoma Injili ya Jumapili, mmoja akafagia, mwingine akaniuliza kama mtoto amelipiwa mtihani. Nusu saa wameondoka. Sikuwaitikia hata rozari. Wiki ile nyingine tena.

Jumuiya hizi tulizipata kutoka Amerika ya Kusini, lakini nasema Mungu alizileta kwa ajili ya wajane.

#18 Mzee wa Kigango

Milele Amina. Pole sana mama.

Ila hilo la Amerika ya Kusini huwa linasemwa sana na si sahihi. Kule nao walikuwa na zao, lakini huku maaskofu wa AMECEA, yaani Afrika Mashariki, walilizungumza 1973 na 1976 wakaamua rasmi kuwa ndiyo iwe njia ya kujenga Kanisa. Haikuwa kunakili. Mimi nilikuwa kijana, nakumbuka katekista wetu akigawa nyumba kwa nyumba kwenye kipande cha karatasi ya sukari.

#19 Mtoto wa Goma

Salamu kutoka Goma. Mzee, na sisi Kongo tusisahauliwe. Maaskofu wetu walichagua njia hiyo tangu 1961, mbele yenu. Kwetu tunaita shirika. Nami niseme moja: wakati mji ulichukuliwa Januari 2025, kanisa kubwa hatukuweza kufika, risasi zilikuwa barabarani. Shirika ilisali katika kiwanja cha jirani, nyuma ya ukuta, sauti chini. Tuliomba maji. Maji tu. Kuna mama alikuwa na bidoni moja akagawa kwa kikombe, nyumba kwa nyumba. Msema Hesabu anasema tumaini linaanza tumboni. Ndiyo, lakini yule mama alitoa ya tumbo lake. Elimu ya hesabu itaeleza aje?

#20 Msema Hesabu

Ndugu wa Goma, poleni sana. Hilo sina hesabu yake.

Lakini sijaondoka kwenye hoja. Naona kila mtu anachagua dawa iliyomfaa yeye, anaipandisha kuwa kanuni. Mwenye uchovu anasema usingizi, mwenye hatia anasema toba, mpweke anasema jumuiya, asiye na la kufanya anasema kazi. Labda kuna magonjwa mengi yenye dalili moja, kama homa.

#21 Tairi la Akiba

Msema Hesabu leo umeongea kama mganga mkuu wa wilaya. Niweke kambi hapa.

#22 Foleni ya Samunge

Nimesoma nikacheka peke yangu. Niwape ya kwangu hata kama mtanipiga mawe.

2011 nilikwenda Loliondo, kijiji cha Samunge, kwa Babu. Mnakumbuka, mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapile, kikombe shilingi 500. Nilimpeleka mjomba. Sitazungumzia dawa, kila mtu ana lake. Nataka kuzungumzia foleni. Magari yamepanga mstari usioona mwisho, vumbi, watu wanalala chini ya lori. Na pale kwenye foleni niliona kitu sijakiona kwenye parokia yoyote. Waarabu wa Tanga wanagawana chai na Wachaga. Mama wa Kisukuma anapika uji kwa watu asiowajua. Jioni wimbo unaanzia gari la mbele, unashuka gari kwa gari mpaka huku nyuma, mkifika kuitikia wale wa mbele wameshaanza ubeti mwingine. Mjomba, mtu mgumu asiyekanyaga kanisani tangu ndoa yake, alikuwa anaombea watoto wa wengine.

Kikombe kilichukua sekunde chache. Mimi naamini kilichonirudisha kanisani ni zile siku za foleni. Hapo sijui nimuunge mkono nani, Mama Jumuiya au mleta mada.

#23 Moto wa Pentekoste

Mkuu, hilo la vikombe ni la kuogopa. Tusitukuze.

#24 Foleni ya Samunge

Nimetukuza foleni.

#25 Nakuru Mtulivu

Jameni nyinyi Wabongo mnaandika. Mimi wa ng'ambo ya mpaka, kanisa la Presbyterian.

Nakubaliana na huyo wa Pentekoste kwa hilo la kuogopa. Kwetu 2023 ilifukuliwa msitu wa Shakahola, Kilifi, miili zaidi ya 400, watu waliofunga mpaka kufa kwa kuambiwa watakutana na Yesu. Nanyi Moshi, Februari 2020, watu 20 walikufa wakikanyagana kuyafuata mafuta ya upako uwanjani. Hao hawakuwa watu wenye imani iliyopoa. Imani yao ilikuwa inachemka. Kwa hivyo mtu akiniambia "nataka moto urudi" mimi huuliza kwanza, moto wa nini?

Baada ya Shakahola nilikaa kanisani kwa mwaka mzima nikiwa na maswali, kila mchungaji akisema "mfunge" tumbo linakaza. Kilichonisaidia ni kupata mzee mmoja wa kanisa aliyekubali nimuulize maswali bila kuniita mpinzani. Tunakaa kwa gari yake baada ya ibada. Hajajibu hata nusu. Lakini hakasiriki. Imani yangu ya sasa ni ndogo kuliko ya zamani na naiamini zaidi.

#26 Tairi la Akiba

Gari la tatu. Nahesabu.

#27 Mjukuu wa Bukoba

Nakuru, sentensi yako ya mwisho nimeinakili kwenye simu.

#28 Kinanda cha Tabora

Nimekuwa nasoma kimya tangu jana. Niseme la upande wa pili maana naona kila mtu hapa ilirudi.

Mimi haikurudi.

Ni mpiga kinanda kanisani, Moraviani, kwa miaka mingi. Ilizima kidogo kidogo, hakuna msiba wala deni wa kulaumu. Nalala vizuri. Sina sufuria ya mtu. Kwenye huduma nipo kila wiki, kwa hiyo mleta mada dai lako kwangu limegonga mwamba. Niliomba sana, kisha nikachoka kuomba, sasa naomba kwa adabu tu, kama unavyomsalimia jirani ambaye hajawahi kukuitikia.

Lakini Jumamosi saa kumi jioni niko mazoezini. Kinanda chetu kina kitufe kimoja kimekufa, noti ya "la" ya katikati, inabidi niruke oktava. Nisipokuwepo hakuna anayejua kuruka, soprano wanapotea. Basi naenda. Watu wananiambia "ndugu, leo umetubariki", nasema amina. Sioni kama ni unafiki, ingawa wengine mtaona hivyo. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, haina aya ya "lakini Bwana" kama nyingine. Mtu aliiandika, na walioikusanya hawakuiondoa. Kwa hiyo nafasi ya mtu kama mimi ilikuwepo tangu zamani.

Naomba msinitumie namba za watumishi.

#29 Mama Jumuiya

Mwanangu, sitakutumia. Ubarikiwe.

Nikuambie tu kuhusu Mama Teresa wa Kolkata. Mwishoni mwa maisha yake naye alipita kwenye giza hilo, barua zake zikaja kuonyesha.

#30 Mzee wa Kigango

Mama, haikuwa mwishoni. Barua zilichapishwa 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, na zilionyesha giza lilianza mapema, muda mfupi baada ya kuanza kazi ya maskini kule Kolkata, likadumu karibu miaka 50 na ahueni fupi katikati. Miaka yote ile watu waliona anatabasamu. Na akatangazwa mtakatifu 2016 na barua hizo zikijulikana.

Kinanda, wewe piga. Yule baba wa Marko 9 alimwambia Yesu naamini, nisaidie kutokuamini kwangu, na mtoto akapona. Yesu hakumwambia arudi akakamilishe.

#31 Moto wa Pentekoste

Kwa heshima zote, mimi nisingemwacha ndugu abaki hivyo. Tumaini halitahayarishi. Kumwambia mtu giza ni sawa, hata watakatifu walikuwa nalo, ni kumtandikia kitanda humo gizani. Kinanda, sitatuma namba. Ila nitakuombea kila Jumatano kwa jina hilohilo la humu.

#32 Kinanda cha Tabora

Omba mkuu. Kwa jina la Kinanda watadhani unaomba vyombo vipya, na hilo nalo ni hitaji.

#33 Abuu Salama

Mimi Muislamu, napita tu, naomba nivumiliwe. Kwetu tunafundishwa kwamba imani huzidi na hupungua. Kwa hiyo ikipungua mtu hashtuki sana, anajua ni hali. Kila Ramadhani nawaona vijana waliopotea mwaka mzima wamepanga safu ya tarawehe. Baadhi wanapotea tena baada ya Idi, baadhi wanabaki. Imamu wetu huwa hawasemi. Anasema msikiti una milango mingi makusudi.

Swali dogo: ninyi huwa mnawasema wa Krismasi?

#34 Tairi la Akiba

Karibu ndugu. Tunawasema sana, halafu tunawapa bahasha.

#35 Mfanyakazi wa Muscat

Bwana Yesu asifiwe. Naandika kwa kuibia muda, samahani kwa makosa.

Mimi ni mdada wa kazi Oman, natokea Singida. Huku makanisa yapo, Ruwi, ndani ya kiwanja kimoja Wakatoliki na Waprotestanti, na siku kubwa ya ibada ni Ijumaa maana ndiyo mapumziko. Lakini kwangu Ijumaa ndiyo wageni wanakuja, kwa hiyo kufika ni kwa nadra. Niliishiwa kabisa mwaka wa kwanza. Nilikuwa nasema Mungu alibaki Singida.

Katekista wa nyumbani alifanya jambo dogo. Kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, akanipangia kusoma somo la kwanza. Alinipangia kama anavyowapangia waliopo. Ijumaa usiku nikimaliza vyombo naingia stoo ya mashine ya kufulia, nafunga mlango, narekodi somo. Jumamosi wanalicheza kwenye spika ndogo wakiwa wamekaa uani kwa mtu. Mara moja mashine ilikuwa inakausha nguo nyuma, wakaniuliza ile ni helikopta. Bosi mama alinisikia siku moja, akauliza nasoma nini. Nikamwambia. Akasema soma, ila maliza kabla watoto hawajaamka.

Sijui kama imani ilirudi. Ila najua Ijumaa wananisubiri.

#36 Kuku wa Mavuno

Dada wa Muscat, Mungu akulinde. Msema Hesabu, unaona? Shughuli.

#37 Mama Jumuiya

Unaona? Jumuiya.

#38 Muuguzi wa Usiku

Mimi naona mtu asiyelala. Dada, unapumzika siku gani?

#39 Mfanyakazi wa Muscat

😅 Tutaongea siku nyingine, nimeitwa.

#40 Mama Jumuiya

Nilisahau, 2025 ilikuwa Yubilei ya Matumaini, ilifunguliwa tarehe 1 Januari. Parokia yetu tulikwenda hija Pugu. Miguu iliuma lakini moyo ulikuwa mwepesi.

#41 Mzee wa Kigango

Mlango Mtakatifu ulifunguliwa mkesha wa Krismasi, 24 Desemba 2024, mama. Papa Fransisko mwenyewe akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Na Pugu mlichagua vyema. Wabenediktini walifika pale 1888, misheni ikachomwa Januari 1889 wakati wa vita ya Abushiri. Waliorudi kuanza upya hawakuwa na sababu nyingi za kutumaini.

#42 Tairi la Akiba

Mzee wa Kigango tukikutoza shilingi mia kwa kila sahihisho tunajenga kigango kipya.

#43 Mama Vijana Wawili

Samahani wakuu kwa kuingilia. Nina mtoto wa miaka 16, kipaimara alipata mwaka jana na sasa hataki kanisa. Hana ubishi, anasema tu "halinifanyi kitu mama". Nimelia, nimekemea, baba yake amemnyima simu. Mtu amewahi kupita hapa?

#44 Msema Hesabu

Tukiwa kwenye bahasha: mimi nina swali ambalo ndilo lililonipoza kwa kweli. Fungu la kumi linatolewa kwenye mshahara ghafi au baada ya makato? Maana TRA na mfuko wa jamii wakishapita, kinachobaki...

#45 Moto wa Pentekoste

Ghafi. Malimbuko ni ya kwanza.

#46 Nakuru Mtulivu

Wueh. Ghafi ya pesa ambayo hujaiona?

#47 Kuku wa Mavuno

Sisi tuna mavuno. Unaleta kuku, ananadiwa baada ya ibada, unamnunua mwenyewe kwa bei mara mbili. Hapo ghafi na makato vinatoka kwa pamoja. Trei ya mayai juzi ilifika elfu thelathini, aliyenunua ni aliyeileta.

#48 Foleni ya Samunge

Kwetu ndizi mkungu mmoja uliuzwa mara nne, kila anayenunua anaurudisha. Mkungu ulikuwa umeanza kuiva ukiwa mnadani.

#49 Msema Hesabu

Hamjanijibu. Mwenye andiko linalosema "ghafi" alete.

#50 Muuguzi wa Usiku

Wa ghafi na makato fungueni uzi wenu. Mama Vijana Wawili hajajibiwa.

#51 Kinanda cha Tabora

Mama, mrudishieni simu. Halafu Jumamosi aje mazoezini kwetu. Hatamuuliza mtu kama anaamini. Tuna mikrofoni tatu na nyaya zimefungana kama utumbo, na anayejua kuzifungua amehamia Dodoma.

#52 Mama Vijana Wawili

Asante sana kaka. Ila sisi tuko Songea.

#53 Kinanda cha Tabora

Aa. Basi uliza kwaya ya hapo, nyaya zitakuwepo.

#54 Mjukuu wa Bukoba

Na usimwambie ni kwa ajili ya imani yake. Mwambie wamekwama.

#55 Msema Hesabu

Walawi 27 nimeisoma yote. Ghafi haipo. Nasubiri.